Ushauri wa Muuzaji

Je, mtu apataye faida kwa kukuuzia kitu aweza kuwa mshauri wako mwaminifu juu ya kitu hicho hicho? Wahenga walikwisha jibu: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini methali hiyo imemtaja mwamba ngoma peke yake. Haikumtaja anayengoja kuicheza. Nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, kisha tulipime pamoja.

Sisi wakazi wa Nairobi tunaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na wengi wetu hatujui maji ila ya bomba na ya mvua. Likizo moja nilikusudia kwenda Watamu, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa mwaka 1968, nikajifunze kuzamia kwa mtungi wa hewa na kuyaona matumbawe ambayo nilikuwa nimeyaona katika picha tu. Kabla ya safari nilikwenda kutafuta vifaa. Viko vitu ambavyo mtu akikosea kuvichagua hupoteza fedha, na viko ambavyo akikosea hupoteza zaidi. Kiatu kibovu kikitoboka njiani, utarudi nyumbani pekupeku. Kifaa kibovu kikikuharibikia chini ya maji, huenda usirudi.

Katika duka moja karibu na Moi Avenue, kijana muuzaji alinipokea kwa bashasha. Kila nilichokigusa alikisifu. Nilishika miwani ya kuogelea, ile inayofunika macho tu, nikamwuliza kama yafaa kuzamia. Alisema yafaa sana, tena ndiyo inunuliwayo na watu wote. Sikumdhania uongo, wala leo simdhanii. Nadhani hakujua, na hapana aliyemfundisha kwamba muuzaji aweza kusema, "Sijui."

Siku ya pili nilifika Westlands, katika duka dogo la vifaa vya michezo lililokuwa na mzee mmoja. Huyu hakunionyesha kitu kabla ya kuniuliza.

"Mwalimu, umekwisha jifunza kuzamia, au ndiyo kwanza waanza?"

"Ndiyo kwanza naanza, mzee."

"Basi usinunue mtungi wala kipumulio. Watakaokufundisha huko pwani watakukodishia, na wao ndio wanaojua kuvikagua. Nunua miwani tu, tena ile inayofunika na pua."

Akanieleza sababu. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Hewa iliyomo ndani ya miwani hubanwa, na mzamiaji huiongeza kwa kupumua kidogo kwa pua. Miwani isiyofunika pua haina njia hiyo. Huyafyonza macho hata mishipa midogo ya damu ikapasuka. Msomaji, mimi nafundisha fizikia. Kanuni ya Boyle, iliyochapishwa mwaka 1662, nimeiandika ubaoni mara nyingi, lakini haikunijia nilipokuwa nimeishika miwani ile mkononi. Kisha mzee alinifundisha kuijaribu: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, uiachilie; ikishika, imekukaa. Tulijaribu tano. Mbili zilizokuwa za bei kubwa kuliko zote alizikataa yeye mwenyewe.

Hapo nilipata jibu la swali langu. Muuzaji wa kuaminiwa yupo, na ana dalili zake: huuliza kabla ya kusifu, hukiri asilolijua, na siku nyingine hukushauri usinunue. Ushauri unaompunguzia faida mwenye kuutoa una haki ya kusikilizwa.

Sasa na nikiri nililolifanya. Niliandika jina la miwani iliyonikaa, nikamshukuru mzee, nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Niliipata miwani ile ile mjini kwa bei iliyopungua shilingi 400, nikainunua, nikajiona mwerevu. Nilisafiri, nikazamia, nikaona niliyotaka kuyaona, na macho yangu yakarudi salama.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Westlands, nikataka kumpa mzee habari za safari. Dukani mwake zilikuwa zikiuzwa simu. Sababu siijui. Huenda ni kodi, huenda ni uzee. Sisemi kwamba alishindwa kwa ajili ya shilingi zangu. Lakini najua kuwa katika hesabu yake, siku ile aliyonitumikia karibu saa nzima, jina langu halikuacha hata senti moja.

Mtu atasema: biashara ni biashara, na mnunuzi ana haki ya kutafuta bei nafuu. Kweli anayo. Mwenye fedha kidogo na aseme wazi, aombe kupunguziwa, au aende kwingine kabla ya kumchosha mtu. Lakini ushauri ule haukuwa wa bure. Gharama yake ilikuwa ndani ya bei ya mzee, na bei ya mjini ilipungua kwa sababu haikuwa na ushauri ndani yake. Nilichukua kiini kwa mmoja, nikamlipa mwingine kwa ajili ya ganda.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Hiyo ni ngao njema dhidi ya mdanganyifu. Hata hivyo sheria yaweza kumkataza muuzaji kusema uongo. Haiwezi kumwamuru akae nawe saa nzima akikuzuia kununua usichokihitaji. Tendo hilo ni la hiari, na mtu huendelea nalo ikiwa limemwezesha kula.

Basi, vijana, mtakapolalamika kwamba madukani hamna mtu wa kusema kweli, ulizeni pia kama aliyeisema jana aliuza. Wamba ngoma huvutia ngozi kwao, lakini na sisi tuichezayo tuna mikono, nayo huvuta vile vile. Mimi niliivuta kwangu kwa shilingi 400, na siku nitakayohitaji kipumulio changu mwenyewe, sijui nitamwuliza nani.