Hukusema Jana

Hoteli yenyewe haina jina. Iko pembeni ya barabara, kabla hujaingia Muleba mjini ukitokea Bukoba, nyuma ya migomba, na kama huna wa kukuonyesha utaipita. Mimi nilielekezwa na dereva wa Hiace ambaye kutoka Kemondo hadi Muhutwe hakuwa na habari nyingine: ndizi za mama yule, eti ukishazila za mjini hutazitaka tena. Nilikuwa nakwenda kufuatilia habari ya bei ya kahawa na sikuwa nimekunywa hata chai. Saa saba mchana nikawa pale.

Nilimsalimia mama, akaitikia marahaba vizuri tu. Nikaagiza chakula. Akaniuliza, "Wewe ulisema jana?"

Sikuelewa. Akanifafanulia taratibu. Anapika sufuria moja, ndizi na maharage, siku nyingine na samaki. Anayetaka kula kesho anasema leo, apite mwenyewe, apige simu au amtume mtu. Anahesabu vichwa, anamenya ndizi za vichwa hivyo, basi. Bei ni moja kwa wote. Hakuna kuchagua, na hamfungii mtu chakula akaondoka nacho.

"Lakini mama, chakula si kipo?" Sufuria ilikuwa mbele yetu, imefunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke unatoka.

"Kipo. Cha watu."

Nikamwambia nitalipa mara mbili. Alicheka, wala si kwa ubaya, akaingia ndani na kurudi na kisahani cha kahawa ya kutafuna, zile kahawa zinazochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, ambazo Wahaya humpa mgeni kabla ya mazungumzo. "Tafuna, mwanangu. Hii haiuzwi."

Yaani kilichokuwa kinauzwa sikuruhusiwa kukinunua, na nilichopewa hakikuwa na bei. Nilikaa kwenye benchi nimenuna, nina hela mfukoni na njaa tumboni.

Wenye chakula chao wakaanza kufika, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa kijana wa bodaboda, hata miaka ishirini na tano sidhani. Alipopewa sahani aliniangalia, akaangalia kisahani cha kahawa, akaelewa bila kuambiwa. "Dada, nawa tule." Nikakataa kama adabu inavyotaka, akasisitiza, nikanawa. Tulikula sahani moja, mtu nisiyemjua hata jina, na ndizi zilikuwa kweli kama dereva alivyosema. Tulipomaliza nikatoa shilingi 1,500, nusu ya bei. Akacheka. "Nimekukaribisha halafu unilipe?" Mama alipokea 3,000 zake, noti zangu akajifanya hazioni.

Ningeweza kuishia hapa na ingekuwa hadithi tamu ya ukarimu wa kijijini. Tatizo ni kwamba nilirudi Bukoba nina hasira, na nimetumia wiki kadhaa kuitafuta hasira hiyo inatoka wapi.

Kwanza nilijitetea hivi: anayefungua biashara barabarani amewaahidi wapita njia wote. Uzuri wa kununua ni kwamba hauulizi wewe ni nani. Nalijua hilo kupitia bibi yangu, mzaa baba. Kwa mila ya zamani ya Wahaya, wanawake walikuwa wakikamata senene, wakinyonyoa mabawa na miguu, wakikaanga, kisha wanaume wanakula. Wao hawakuruhusiwa. Bibi alikaanga senene maisha yake yote na sikumwona hata siku moja akitia mmoja mdomoni, hata miaka ya mwisho ambapo hakuna ambaye angemkataza. Mimi msimu ukifika naingia sokoni Bukoba, nanunua kikombe, natafuna nikitembea, na muuzaji hajali kama mimi ni mwanamke. Sikumbuki mahubiri yoyote yaliyonipa ruhusa hiyo. Nilichokuta sokoni ni bei, na niliweza kuilipa. Kwa hiyo mtu akianza kuimba kwamba pesa imeharibu utu wetu, huwa namkumbuka bibi na sufuria yake, na siitikii haraka.

Halafu kuna kile kilichonikera zaidi, sentensi yenyewe: "Kipo. Cha watu." Nimewahi kuisikia kwingine. Nimesimama dirishani kwenye ofisi moja ya umma tangu asubuhi, fomu zipo mezani naziona, na waliopita mlango wa nyuma wanatoka nazo mkononi. Wao "walisema jana." Kwetu tunaita kujuana, na kila mtu anaulalamikia mpaka siku shemeji yake apate cheo. Je, mama wa Muleba na yule karani ni kitu kimoja, ila mmoja ananukia ndizi?

Nadhani hapana. Ndizi ni za mama, fomu si za karani. Tena orodha ya mama haina undugu: ningepita jana yake, mimi nisiyejulikana, ningehesabiwa. Orodha ya karani haina hiyo jana ambayo mtu asiye na shemeji angeweza kufika akasema. Hata hivyo jibu hili halinitoshi. Mgeni atajuaje kwamba alitakiwa kusema jana? Sheria inayojulikana kwa walio ndani peke yao ni ukuta kwa anayefika mara ya kwanza, hata kama aliyeijenga hakuwa na nia mbaya.

Wajapani wana migahawa ya rameni, tambi za supu, na katika ile ya Ichiran, iliyoanzia Fukuoka, wameubomoa ukuta huu kwa kujenga kuta nyingine. Unanunua tiketi kwenye mashine. Unajaza karatasi: supu iwe nzito kiasi gani, tambi ziwe laini au ngumu. Unakaa kwenye kijisehemu chenye mbao kulia na kushoto, na bakuli linapitishwa mbele yako chini ya pazia, unaona mikono ya mhudumu tu. Mgeni wa mara ya kwanza hahitaji kujulikana na yeyote. Na ni Japani hiyohiyo iliyotoa filamu ya Tampopo, ya Juzo Itami, mwaka 1985, ambamo mzee anamfundisha kijana namna ya kulitazama bakuli la rameni kwanza kabla hajaligusa. Nchi moja ina hamu zote mbili. Na mimi ninazo. Siku ile pale Muleba ningeilipia ile mbao ya Ichiran kwa bei yoyote.

Ila mbao ile ingemzuia kijana kuniona. Jambo lenyewe ndilo hili: ukarimu wake uliwezekana kwa sababu mama alikataa. Angenipakulia, ningekula, ningelipa, nisingemjua kijana wala yeye mimi. Je, ni halali kuusifu wema ambao umelazimishwa na ugumu wa mtu mwingine? Maana tuhesabu vizuri. Mama hakupoteza kitu, utaratibu wake ulibaki mzima na pesa zake alipata zote. Aliyelipia msimamo wa mama ni kijana, aliyerudi kwenye pikipiki yake na nusu ya tumbo. Mimi, mwenye hela kuliko wote wawili, sikutoa hata senti. Ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, angalau inampa mgeni siku ya kulipa. Mimi jembe sikupewa. Deni lisilopokelewa ni zito kuliko lile unalodaiwa kila siku, na nadhani hasira yangu ilikuwa hapo.

Mwezi uliofuata kazi ilinirudisha Muleba. Safari hii nilimpigia mama siku moja kabla. Nilihesabiwa. Kijana sikumkuta, waliniambia siku hizi anapaki Kamachumu. Nilikuwa katikati ya sahani yangu alipoingia mama mmoja na mtoto mgongoni, mizigo mkononi, anatoka safari. Nikasikia, "Ulisema jana?" Nikajua yanayofuata.

Nilimkaribisha, sijidai, kwa sura aliyokuwa nayo hata wewe ungemkaribisha. Alikula, mtoto akala. Alipomaliza akafungua fundo la khanga akatoa noti, kama mimi nilivyofanya. Nilijua jibu linalotakiwa. Nilijua pia anavyojisikia mtu anayerudishiwa noti zake.

Nikazipokea, 1,500.

Akashukuru, akabeba mizigo yake, akaondoka akiwa mwepesi kabisa, naapa. Wenzangu kwenye benchi wakaacha kuongea. Mama mwenye hoteli alikuwa anakusanya sahani. Alipofika kwangu akaichukua yangu bila kuniangalia, akaniuliza kama kesho nihesabiwe au nisihesabiwe.