Samaki Asiyeweza Kutua Mzigo

Tabora iko mbali na bahari na mbali na maziwa yote makuu, na kwa sababu hiyo samaki kwetu ni msafiri. Reli ilifika mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wakawa wanateremshwa stesheni wakiwa wakavu ndani ya magunia. Siku hizi wapo watu wanaochimba mabwawa wakafuga perege, sato na kambale, na kule Mwamapuli, Wilaya ya Igunga, Serikali ina kituo cha ufugaji wa samaki. Pamoja na ufugaji huo umeingia unga mmoja wa kuchanganya na chakula cha samaki, nao ndio ulionitia katika fikra hizi.

Unga huo huitwa probayotiki. Si dawa ya kuua kitu. Ni vijidudu hai, ambavyo mfugaji huvilisha samaki kwa makusudi: bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, au bakteria wa udongoni waitwao Bacillus, au hamira, ndugu wa hii tunayoumulia maandazi. Huchanganywa na pumba, mashudu ya alizeti na unga wa dagaa, pengine kwa mafuta kidogo ili ushike. Vikifika utumboni mwa samaki hukalia nafasi na kula chakula ambacho vijidudu vya maradhi vingekitaka. Baadhi hutoa asidi isiyowafaa maadui, baadhi husaidia kusaga chakula, na kinga ya mwili wa samaki nayo huamshwa. Bacillus hujifunga ndani ya ganda gumu, kwa hiyo huvumilia joto na ukavu. Wale wa maziwa ni dhaifu, na ukiwaacha chini ya paa la bati mwezi wa Oktoba utakuwa unalisha samaki maiti ya bakteria.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwanasayansi Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, ndiye aliyeeneza wazo kwamba maziwa yaliyoganda yana faida kwa sababu ya viumbe vilivyomo. Wafugaji wa ng'ombe wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa wakinywa mtindi zamani bila kumngojea Metchnikoff, ingawa hawakuandika kitabu.

Mimi naupenda unga huu, na nataka hilo lieleweke kabla sijauuliza maswali. Njia iliyokuwa imezoeleka duniani ni kumwaga viuavijasumu katika chakula cha mifugo, hata kwa mnyama asiyeumwa, ili anenepe upesi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 kwamba vijidudu vikipewa dozi ndogo vitajifunza kuistahimili dawa. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kunenepesha mifugo kwa viuavijasumu kuanzia Januari 2006. Bakteria aliyezoea dawa ndani ya bwawa habaki bwawani. Maji hutoka, samaki huliwa, mikono hushikana. Mtu anayeacha viuavijasumu akatumia probayotiki anamtendea wema hata mgonjwa wa hospitali ambaye hatamwona maishani.

Swali langu liko mahali pengine. Samaki huyu aliumwa kwa nini?

Yuko bakteria aitwaye Aeromonas, anayetoboa vidonda katika ngozi ya samaki na kuozesha mapezi. Si mvamizi kutoka mbali. Huishi majini siku zote, pamoja na samaki wazima, akingojea. Humshika yule aliyechoka: aliyesongamana na wenzake, aliyekosa hewa, anayeogelea katika uchafu wake mwenyewe. Bwawa dogo la kawaida, lisilo na mashine ya kuingiza hewa, huwekwa samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Weka kumi, kisha nenda alfajiri ukatazame. Utawakuta wamepanda juu wakitweta, midomo nje, maana usiku mimea ya majini nayo imevuta hewa ileile. Ukiwapa unga hao kumi, huenda wakafa wachache zaidi. Kutweta kutabaki palepale. Basi tumewatibu, au tumewawezesha tu kuendelea kuteseka wakiwa hai?

Mji wetu una sababu ya kulielewa swali hili kuliko miji mingine, kwa kuwa ulijengwa na wapagazi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, mizigo ilikwenda juu ya mabega ya watu, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Msongamano wa kambini ulileta ndui na kuhara. James Christie, daktari aliyekaa Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichoeleza jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za misafara hadi kuingia Unguja mwaka 1869.

Sasa tufikiri kwamba tajiri wa msafara amepata dawa ya ajabu. Mpagazi akiinywa hashikwi na ndui wala kuhara, na anaweza kubeba frasila tatu bila kuanguka. Tajiri anawagawia wote bure, kisha anaongeza frasila ya tatu. Je, huyo ni mtu mwenye huruma? Dawa ni nzuri, hilo hakuna atakayebisha. Lakini faida yote ya dawa imeliwa na mzigo, na mpagazi yuko palepale alipokuwa, ukingoni mwa nguvu zake, ila ukingo umesogezwa mbele.

Tena mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na silaha yake. Aliijua kazi, aliijua thamani yake, na aliweza kudai posho zaidi, kugoma pamoja na wenzake, au kutua mzigo porini na kwenda zake. Mtumwa katika mnyororo hakuwa na nafasi hiyo. Samaki ndani ya bwawa hana hata sauti ya kulalamika, na hapa ndipo wengi wanapolikata shauri upesi: wanasema samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 watafiti wa Uskoti, Lynne Sneddon na wenzake, walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva za kutambua madhara kichwani mwake, na kwamba akidhuriwa mwenendo wake hubadilika. Sidai kwamba perege huhuzunika. Nasema tu kwamba kimya chake hakiwezi tena kuwa ushahidi wetu.

Waislamu wa hapa wanaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha aende kujitafutia. Uzito wa kisa hicho, kwa maoni yangu, uko katika kule kufungia. Kambale wa mto Ugalla akifa kwa ukame hatudaiwi chochote. Yule tuliyemtia ndani ya kuta nne za udongo tumemwondolea njia zote za kujiokoa, na kwa hiyo njia hizo zimekuwa deni letu.

Niliyasema haya kwa mama mmoja jirani mwenye bwawa, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mzee, mimi sikuwasonga. Jua si langu."

Jibu hilo lilinisimamisha. Huku kwetu mvua hukoma Aprili au Mei na hazirudi mpaka Novemba. Bwawa lililotosha samaki mia tano mwezi wa Aprili linakuwa nusu yake Septemba, na samaki ni walewale, tena wamekua. Msongamano wa Tabora mara nyingi hauletwi na tamaa. Unaletwa na mbingu. Kambale atastahimili kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, lakini perege hawezi. Mama huyu ananunua unga ili avuke nao miezi miwili mibaya, na ana watoto wa kusomesha. Kumweka fungu moja na yule anayejaza samaki kumi kwa mita kwa sababu tu duka limemwambia unga utawalinda, ni dhuluma.

Hata hivyo jua la Tabora halijawahi kuja bila taarifa. Kinachokuja kila mwaka mtu anaweza kukipangia, na kupanga maana yake ni kuvua sehemu ya samaki mwezi wa Julai, kabla maji hayajapungua, na kuwaachia waliobaki nafasi. Unga ukitumika juu ya hapo, unasaidia kiumbe ambaye tayari ametendewa haki. Nilipomwambia hivyo hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: samaki wa Julai ni wadogo kama kiganja, mnunuzi wa sokoni anawashika, anawageuza, anawarudisha chini, tofauti ya bei kati yao na wale wakubwa wa Oktoba ailipe nani?

Tulilizungumza mpaka giza likaingia. Yeye alidhani mnunuzi alipe, mimi nilidhani Serikali ingeweza kusaidia visima na mabwawa yenye kina, na mume wake, aliyekuwa kimya muda wote, alisema wakubwa wangekuwa wanne kwa kilo na wadogo kumi, na kwamba kumi wangewatosha wao wenyewe nyumbani kwa mboga ya wiki.