Mtazame Meno Kwanza

Katika soko la mifugo hapa Garissa, hakuna anunuaye ng'ombe kwa rangi ya ngozi. Mnunuzi humfungua kinywa, atazame meno. Hurudi nyuma, amwone akitembea. Ndipo bei itajwe.

Mwanao anataka kipakatalishi cha kuchezea gemu. Kipya hukiwezi. Kilichotumika kikakarabatiwa unakiweza, na si aibu. Basi nacho kitazame meno. Kiwashe. Mwache mtoto acheze gemu lake papo hapo dukani, acheze, acheze tena, hadi mashine ishike joto. Chomoa chaja. Betri inahimili? Feni inapumua, au inakoroma? Maana jua letu ni hili, na vumbi letu ni hili. Kinachopoa vizuri kwenye duka lenye kiyoyozi Nairobi, hapa kinaweza kuzimika mchana kweupe. Mkwaruzo kwenye kifuniko, samehe. Mkwaruzo hauzuii mchezo.

Muuzaji akikataa kukiwasha, mshukuru, ondoka. Akikubali, mdai risiti, mdai na dhamana iliyoandikwa. Na ukienda dukani leo, mzazi mwenzangu, nenda na mtoto mwenyewe.