Bei ya Chupa na Roho ya Mlevi



Vijana wetu walitutolea ulizo kisha ibada: je, serikali ikipandisha bei ya pombe, walevi watapungua? Sisi mashemasi tulilichukua, maana si ulizo dogo.

Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Katika inchi ya Scotland, tangu Mei 2018, sheria inakataza kuuza pombe chini ya bei iliyowekwa kwa kadiri ya ukali wake. Ilianza kwa pensi 50 kwa kipimo kimoja. Septemba 2024 ikafika 65. Wenye mabaa hawakuguswa sana, maana bei yao ilikuwa juu tangu zamani. Iliyopanda ni pombe kali ya rahisi ya madukani. Mwaka 2023 wakubwa wa afya wa kule waliandika kwamba vifo vya pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 hivi, kuliko kama sheria isingekuwako. Tumshukuru Mungu kwa kila aliyepona. Lakini waliona pia kwamba wengine waliofungwa kabisa na pombe hawakuacha: walipunguza chakula ili wapate chupa.

Basi hapa Uvira je? Primus ina bei yake, lakini lutuku inapikwa nyuma ya nyumba, haina kodi wala karatasi. Primus ikipanda, mvuvi wa Kalundu anaweza kushuka kwenye lutuku, ambayo ni kali zaidi, na watoto wake watakula ugali bila ndagala.

Tena tajiri atakunywa kwa bei yoyote. Sheria ile inamzuia mwenye mfuko mwepesi. Je, mtu anayeacha pombe kwa kukosa feza ameokoka? Hapana, akipata feza kesho atarudi. Lakini tusiidharau sheria kwa sababu hiyo. Mtu aliye hai kesho anaweza kutubu. Aliyekufa kwa pombe hawezi tena.

Ulizo gumu liko kwetu wenyewe. Kanisa letu linakataza pombe, na kati yetu wako wamama wajane wanaopika lutuku ili kulipa minervali ya watoto. Hawainywi, wanaiuza. Nabii Habakuki, sura ya 2, alimkemea yule anayemnywesha jirani yake. Nasi tunapokea sadaka ya mama huyo bila kuuliza ilitoka wapi, kisha tunamhukumu barabarani. Hapo nani mwenye zambi kubwa?

Tunaona hivi: tusimwambie aache pipa lake mpaka tumpe kitu cha kushika mkononi. Kila chama cha wamama kiweke akiba kidogo, tumkopeshe mtaji wa ndagala au wa mawese, bila faida, naye aache. Tukishindwa hilo, tunyamaze juu ya bei za serikali.

Bwana atusaidie. Amina.