Mgonjwa wa kiharusi asidanganywe

Je, yafaa kumsifu mgonjwa kwa uongo ili kumtia moyo? Baba yangu alipopatwa na kiharusi, mguu wa kulia ulilegea. Kijana aliyemfanyisha mazoezi ya viungo alimwambia kila siku, "Safi sana, mzee!" hata pale mguu uliposhindwa kabisa. Nami nikiitikia. Baba akanuna, alijiona anachezewa kama mtoto.

Akaja mtaalamu mwingine. Alimwamkia, akamwelekeza jambo moja moja, akamsubiri. Siku moja akasema: "Mzee, jana goti lilikunjika ulipoliegemea. Leo limekuhimili." Baba akaomba kurudia.

Mimi mwalimu wa dini nilitahayari. Huruma haihalalishi uongo. Tumwangalie mgonjwa kwa makini, tumwambie alichokiweza kweli, japo kidogo. Wallahu a'alam.