Ukizima Gemu, Kinabaki Nini?



Vijana wenzangu, leo naomba tutafakari kupitia gemu. Ndiyo, gemu hilihili la kwenye simu na PS. Tulieni, siji kuwaambia ni dhambi.

Tembea jioni kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja, uangalie vidole vya vijana. Anayesubiri mteja anacheza. Anayesubiri daladala anacheza. Na kila gemu lina neno lake moja tu: endelea. Kuna levo nyingine, kuna pointi nyingine, na ukifa unaanza upya.

Kijana mmoja wa VIWAWA, fundi simu, aliwahi kuniambia neno ambalo limenikaa moyoni: "Hilo gemu lenyewe wala silipendi kivile. Ila nikilizima tu, mawazo yanaanza." Kodi ya chumba, mama anayeumwa kijijini, biashara isiyotoka. Wangapi tunamwelewa? Mara nyingi hatuchezi ili tushinde. Tunacheza tusije tukabaki na nafsi zetu.

Sasa sikieni alichofanya msanii Mmarekani, Cory Arcangel. Mwaka 2002 alichukua kaseti ya Super Mario Bros., gemu la Nintendo la mwaka 1985, akaifungua na kubadilisha programu iliyomo. Akamwondoa Mario. Akaondoa maadui, sarafu, ardhi, pointi, kila kitu. Yakabaki mawingu meupe yanayopita taratibu kwenye anga la bluu. Kazi hiyo inaitwa Super Mario Clouds, imo kwenye hazina ya Whitney Museum, New York, na imeoneshwa ikiwa imemulikwa ukutani kwa ukubwa. Mtu anaingia chumbani, anasimama, anatazama. Hakuna cha kubonyeza. Hakuna kushinda wala kufa.

Yale mawingu yalikuwepo tangu 1985. Watu wasiohesabika walikimbia chini yake na hawakuyatazama.

Nabii Eliya naye alikuwa anakimbia (1 Waf 19:9-18). Yezebeli anamtafuta amuue, na yeye amechoka hadi ameomba afe. Kule Horebu ukapita upepo mkali, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo. Baada ya kelele zote ikaja sauti ya chini kabisa, na hapo Eliya akaufunika uso wake. Mungu akamuuliza: unafanya nini hapa? Eliya akamwaga yote yaliyokuwa moyoni, kwamba amebaki peke yake na wanamwinda. Mungu hakumfokea. Alimpa kazi ya kufanya, na akamjulisha kwamba wako wengine 7,000 waliobaki waaminifu. Eliya hakuwa peke yake kama alivyodhani. Ila asingelijua hilo bila kusimama.

Ndugu yangu, yale mawazo yanayoanza ukizima gemu si adui. Ni sala iliyokuwa inasubiri nafasi.

Tena sala inataka mwili. Msanii wa China, Feng Mengbo, mwaka 2008 alitengeneza Long March: Restart, gemu la mtindo wa zamani linalomulikwa kwenye ukuta mrefu wa zaidi ya mita 20. Humo huwezi kucheza umelala kitandani. Askari wako akisonga mbele, na wewe unatembea, hata unakimbia, ili usimpoteze. Gemu limegeuka mahali pa kuingia mzimamzima.

Sisi Wakatoliki tunalijua hilo tangu zamani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ni la kuingia kwa miguu yako. Unachovya kidole kwenye maji ya baraka, unapiga goti, macho yanainuka yenyewe. Mwili unaanza kusali kabla ya mdomo. Misa ya kwenye simu inamfaa mgonjwa. Wewe mwenye miguu unaitwa ufike.

Na usiseme teknolojia na utakatifu haviendi pamoja. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation. Alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Ujuzi wake wa kompyuta aliutumia kuandaa maonesho ya miujiza ya Ekaristi, ambayo yamezunguka nchi nyingi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alijua kucheza, na alijua kuacha.

Zoezi la wiki hii: chagua siku moja, ukitoka kazini au chuoni zima simu. Kutoka Mnazi Mmoja kwenda Mtakatifu Yosefu ni mwendo wa miguu. Kama uko mbali, parokia yako inatosha. Kaa dakika 15 mbele ya tabernakulo. Usitafute maneno mazuri. Mawazo yakianza, mkabidhi Yesu moja moja: hii ni kodi, huyu ni mama, hili ni deni. Yakiisha, nyamaza. Huhitaji kupata pointi pale. Unatazama, na unatazamwa na anayekupenda.

Tusali: Ee Yesu, wewe ulikwenda peke yako mlimani kusali. Tupe ujasiri wa kukaa kimya nawe. Wapokee wenzetu wote wanaoogopa mawazo yao usiku wa leo, uwajulishe kwamba hawako peke yao. Mtakatifu Carlo, utuombee. Amina.