FUNGU LA ANAYEUGUZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri, binti yake Bibi Ruqayya alikuwa mgonjwa sana. Akamwamrisha mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan, abaki Madina amuuguze. Bibi Ruqayya akafariki katika siku zile zile; lakini Mtume (S.A.W.) alimhisabia Uthman fungu lake la ngawira na thawabu zake, kama waliohudhuria vita. Zingatieni jambo hili. Mtu hakushika upanga, alishika mgonjwa, na akaandikiwa Badri.

Je, sisi leo twampa anayeuguza fungu gani?

Hapa Garissa kuna kituo cha saratani, na wagonjwa huletwa kutoka mbali. Wa Wajir husafiri zaidi ya kilomita 300. Miongoni mwao ni wazee wenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambao hata maji hayapiti ila kwa taabu. Safari hizo jamaa huzichangia, na mchango huo wa ukoo, ambao Wasomali huuita qaaraan, ni jambo la kusifiwa. Lakini daktari akisha kusema kuwa ugonjwa hauponyeki, mzee hurudishwa nyumbani, na mchango hukoma. Mzigo wote humwangukia mtu mmoja, aghalabu binti au mke wa mwana. Yeye ndiye amgeuzaye, amwoshaye, amnyweshaye uji kwa kijiko, na akeshaye naye. Jamaa huja, huketi, humwambia “subiri”, kisha hungoja chai, na mwenye kuipika ni yeye yule! Kweli wamesema wazee: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha mzee akifa, fedha zaonekana. Wanyama wachinjwa, masufuria yapangwa, watu wala siku kadhaa kwa wafiwa. Na Mtume (S.A.W.), alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, aliamrisha watu wawapikie jamaa zake chakula, hakuamrisha wafiwa wawapikie watu. Robo ya gharama hizo, lau ingetolewa mgonjwa yu hai, ingalimnunulia godoro jema, dawa, na mtu wa kumpumzisha binti yake.

Basi yapasa tufanye haya. Kwanza, jamaa wagawane zamu, wanaume kwa wanawake. Amri ya Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, ya kuwatendea wema wazazi wakizeeka, haikuteremka kwa mabinti peke yao. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamempa udhuru wa kukosa Ijumaa mwenye kuuguza mgonjwa asiyekuwa na mwengine wa kumwangalia. Basi mwanamume asijifiche nyuma ya msikiti.

Pili, maumivu yatibiwe. Tangu kufunguliwa Nairobi Hospice mwaka 1990, huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, imeingia katika hospitali mbalimbali za Kenya. Wako wanaomnyima mgonjwa mofini wakidhani ni ulevi. Dawa iliyopimwa na daktari kwa dharura si ulevi, na kumwacha mtu apige kelele usiku kucha si kumfunza subira.

Tatu, mgonjwa asaidiwe katika ibada yake. Asiyeweza kusimama na asali ameketi, asiyeweza kuketi na asali amelala; maji yakimdhuru, atayamamu. Na mzee asiyeweza kufunga atamlisha maskini kwa kila siku.

Nne, mwenye kwenda kuzuru asiende mikono mitupu wala asikae mno. Apeleke chakula kilichokwisha pikwa, afue nguo, kisha amwambie yule binti: “Nenda ukalale, mimi nipo.” Neno hilo lina manufaa kwake kuliko mawaidha mengi.

Ewe Mola wetu, wapunguzie wagonjwa wetu maumivu, uwatie nguvu wanaowauguza, na utujaalie tuwe wenye kuwasaidia kabla ya kuwa wenye kuwazika. Amin.